Vitufe Virudi Kwenye Magari Yanayoshuka Kilindini

Bwana Mhariri,

Masika yaliyopita nilikuwa nikitoka hitima Mji wa Kale kurudi Kisauni, nikiwa na bibi yangu, wifi yake na mjukuu mmoja, katika gari dogo la Kijapani ambalo mwanangu aliniletea likiwa limeshatumika huko kwao. Tulipofika Buxton mvua ikashika, tukapandisha vioo, na kabla hatujaingia daraja la Nyali kioo cha mbele kilikuwa kimefunga ukungu kwa pumzi za watu wanne. Katika gari langu la zamani, ambalo lilinitumikia miaka 14, ningepeleka mkono wa kushoto kwenye dashibodi, nikashika kitufe cha kuzungusha cha tatu kutoka upande wangu, nikakipeleka mpaka mwisho, na upepo ungepanda kiooni bila mimi kuacha kuitazama matatu iliyokuwa mbele yangu. Katika gari hili jipya hakuna cha kushika. Pana kioo cheusi, laini kama sahani iliyooshwa, chenye alama ndogo zinazowaka, na mtu hawezi kuijua alama ya upepo isipokuwa kwa kuitazama. Niliitazama, nikagusa, nikakosea nikaongeza baridi, nikagusa tena. Nilipoinua macho matatu ilikuwa imesimama na taa zake nyekundu zimejaa kioo changu chote. Tulinusurika kwa kipande ambacho sitaki kukitaja mbele ya bibi yangu, maana hata leo anaamini nilifunga breki kwa hiari yangu.

Nimelifikiria jambo hili kwa muda kabla ya kukuandikia, kwa sababu nilijua nitaambiwa kuwa huu ni ubishi wa mzee na mambo mapya. Naomba basi nijitambulishe kwa kazi. Nilikuwa mwendesha kreni katika bandari ya Kilindini kwa sehemu kubwa ya maisha yangu. Mtu aliye katika kibanda cha kreni huwa juu sana, na kazi yake yote iko chini, kwenye kontena inayoning'inia, kwenye lori linaloisubiri, na kwenye vichwa vya watu wanaopita karibu nalo. Mikono yake huwa juu ya vishikio viwili, na tangu siku ya kwanza ya mafunzo huambiwa asivitazame. Baada ya miezi kadhaa mkono hujua wenyewe ni kiasi gani cha kuvuta ili mzigo ushuke taratibu, na hujua pia kwa uzito wa kishikio kama kimefika mwisho au bado. Sisi hatukuuita huo ustadi. Tuliuita mkono, na mtu aliyekuwa na mkono mzuri alijulikana gati zima.

Dereva wa gari hana tofauti kubwa na yule aliye kwenye kreni. Macho yake yana kazi moja tu, nayo ni barabara, hasa barabara zetu, ambako bodaboda anaweza kukutokea upande wowote na mkokoteni wa maji ukakata njia bila ishara. Kila kitu kingine ndani ya gari kinapaswa kufanywa na mkono usiohitaji msaada wa macho. Kitufe cha zamani kilitengenezwa kwa ajili hiyo hata kama aliyekitengeneza hakusema: kilikuwa na umbo lake, kilikaa mahali pake siku zote, kilitoa mlio au mkwaruzo mdogo kilipogeuka, na kilikuwa na mwisho. Skrini ya kugusa haina hata kimoja cha vitu hivyo. Mahali palipokuwa na upepo dakika moja iliyopita sasa pana redio, na kidole kikifika hakiambiwi kama kimefika.

Liko na suala la jasho, ambalo naona waliotengeneza vitu hivi katika nchi za baridi hawakulipa uzito. Skrini za siku hizi huwa na chaji ndogo ya umeme juu ya kioo, na hutambua kidole kwa sababu mwili hupitisha umeme na kuigeuza chaji hiyo pale kinapogusa; tone la maji au jasho huichanganya skrini, ikadhani umegusa pawili au ikadhani hukugusa kabisa. Mombasa mwezi wa Februari sijui ni dereva gani mwenye kidole kikavu. Muuza samaki wa hapa kwetu amerudia simu ndogo ya vitufe kwa sababu hiyo hiyo, akiwa na mkono umelowa anapiga, na hata gizani anaipata namba 5 kwa kile kinundu kidogo kilichowekwa juu yake, akahesabu nyingine kutoka hapo.

Kwa magari yetu tatizo ni kubwa zaidi, kwa kuwa mengi yalitengenezwa kwa ajili ya watu wengine. Sote tunajua ile sauti ya mwanamke inayotusalimu kwa Kijapani kila tunapowasha injini, ikitujulisha kwa adabu kubwa kwamba hatujaweka kadi ya kulipia barabara kuu za nchi yake. Tumeizoea, na watoto wanaiigiza. Redio nayo ilikuwa na kasoro yake tangu zamani, maana masafa ya FM ya Japani huanzia 76 na kwa miaka mingi yaliishia 90, ilhali stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo mpaka 108. Lakini kasoro ile ilikuwa ya namna ambayo fundi wa kando ya barabara aliimudu: alifunga kijisanduku kidogo nyuma ya redio, masafa yakashushwa, na ukaisikiliza stesheni yako kwenye namba nyingine kabisa, ukaizoea. Vitufe vyenyewe havikuhitaji kusomwa. Anayejua kuzungusha huzungusha, awe Mjapani au Mdigo. Leo maagizo yote yamo ndani ya skrini kwa maandishi ya Kijapani, kurasa juu ya kurasa, na zipo redio ambazo betri ikitolewa kwa matengenezo hujifunga na kudai namba ya siri ambayo mwenyewe wa kwanza huenda hata yeye hakuwahi kuijua. Fundi niliyempelekea alinitoza pesa ili anionyeshe, kwa kuzipiga picha na kuzitafsiri kwa simu yake, ni alama gani maana yake ni kioo cha mbele. Simlaumu, alifanya kazi. Nashangaa tu kwamba kupuliza upepo kiooni kumekuwa jambo la mkalimani.

Mwanangu, ambaye anayaelewa mambo haya kuliko mimi, hunijibu kuwa skrini imeleta kamera ya nyuma, na hapo namkubalia bila kinyongo. Anayerudi kinyumenyume katika vichochoro vya Mji wa Kale, penye watoto, paka na baraza za watu, kamera ile ni neema. Ila kamera huhitaji skrini ya kutazamwa, haihitaji kwamba kila kitu kingine kizikwe ndani yake. Sababu ya kuvizika, kwa jinsi ninavyoelewa, ni fedha: kila kitufe kina umbo lake la plastiki, waya wake na mtu wa kukifunga kiwandani, na skrini moja huviondoa vyote kwa mara moja. Sina ugomvi na kiwanda kinachotafuta kupunguza gharama, mradi tusiambiwe kuwa hayo ni maendeleo ya dereva.

Na wala si mimi tu. Mwaka 2022 jarida la magari la Uswidi, Vi Bilägare, liliyapima magari mapya 11 pamoja na Volvo V70 ya mwaka 2005, gari la vitufe vitupu. Dereva aliendesha kwa mwendo wa kilomita 110 kwa saa huku akifanya kazi nne za kawaida, kama kubadilisha joto la ndani, kuwasha redio na kuchagua stesheni. Katika ile Volvo kuukuu kazi zote nne zilikwisha kwa sekunde 10, na gari lilikuwa limekwenda mita 306. Katika gari lililofanya vibaya zaidi, MG Marvel R, zilichukua sekunde 44.6, na gari likawa limekwenda mita 1,372. Umbali huo ni zaidi ya mara mbili ya urefu wa daraja la Nyali, na madereva wale walikuwa wamepewa muda wa kuyazoea magari kabla ya kupimwa.

Wenzangu wa baharini watakumbuka tukio zito zaidi. Tarehe 21 Agosti 2017 manowari ya Marekani, USS John S. McCain, iligongana na meli ya mafuta karibu na Singapore, na mabaharia 10 wakafa. Mle ndani usukani na mwendo wa injini vilikuwa vimewekwa kwenye skrini za kugusa. Wakati wa kuhamisha udhibiti kutoka kituo kimoja kwenda kingine mabaharia waliamini kuwa usukani umekufa, na walipopunguza mwendo wakapunguza injini ya upande mmoja peke yake bila kutambua, meli ikajipinda na kuingia njia ya mwenziwe. Wachunguzi wa usalama wa Marekani walitaja upungufu wa mafunzo, na pia wakautaja muundo wa skrini zile. Mwaka 2019 jeshi lao la majini likatangaza kwamba litaondoa udhibiti wa injini kwa skrini na kurudisha vishikio vya mkono katika manowari za aina ile. Nilipoisoma habari hiyo nilikumbuka mlango wa Likoni, ambapo meli za kontena huingia Kilindini zikikata njia ya feri zilizojaa watu. Kishikio cha mwendo, ukikitupia jicho mara moja, kinakuambia kilipo. Hata aliyesimama nyuma ya nahodha anakiona.

Watengenezaji magari wenyewe wameanza kurudi nyuma. Honda ilipotoa Jazz mpya mwaka 2020, gari ambalo Japani huitwa Fit, ilirudisha vitufe vya kuzungusha vya kiyoyozi badala ya skrini iliyokuwapo, na ikasema wazi kuwa imefanya hivyo ili dereva asitazame pembeni. Euro NCAP, wanaoyapima magari ya Ulaya kwa usalama na kuyapa nyota, wameweka katika taratibu zao za mwaka 2026 kwamba gari linalotaka nyota tano liwe na vitufe au vishikio halisi kwa mambo kama ishara za kugeuka, taa za tahadhari, waipa na honi.

Hapa ndipo ninapotaka wasomaji wa Pwani wanisikilize kwa makini. Kanuni zetu haziruhusu kuingiza gari lililotumika ambalo umri wake unapita miaka 8, na wengi wetu hatuna uwezo wa kununua lisilokaribia umri huo. Maana yake ni kwamba kila kinachopendwa Japani leo kitashuka Kilindini miaka saba au minane ijayo. Magari ya skrini tupu ambayo wenzetu walianza kuyachoka ndiyo kwanza yanajaa yadi zetu, na yatazidi kuja kwa miaka mingi hata baada ya wao kurudi kwenye vitufe. Tutakuwa tunaendesha kosa ambalo walioliunda wameshalikiri.

Ombi langu kwa Shirika la Viwango la Kenya si kubwa. Magari haya hukaguliwa huko huko Japani kabla ya kupakiwa melini, breki zake zikapimwa, taa zake zikatazamwa. Katika ukaguzi huo kuongezwe mambo mawili. Kwanza, waipa, taa za tahadhari na upepo wa kioo cha mbele viweze kuwashwa kwa kitufe au kishikio kinachoshikika, bila kupitia ukurasa wowote wa skrini. Pili, gari ambalo skrini yake ndiyo njia pekee ya kuendesha vitu vingine lisipakiwe mpaka maandishi yake yamebadilishwa kuwa Kiingereza kwa uchache, na namba yake ya siri, kama ipo, iandikwe kwenye hati zinazofuatana nalo. Wauzaji wa yadi nao wangetusaidia kama wangemwambia mnunuzi mapema kuwa gari hili ni la kugusa, kama wanavyomwambia ukubwa wa injini. Mimi nililipenda kwa rangi na kwa kuwa halinywi mafuta. Sikuambiwa lolote kuhusu kile kioo cheusi, na sikujua kuwa ni jambo la kuuliza.

Kwa sasa nimejitengenezea dawa yangu. Nimechukua kunde mbili kutoka jikoni, nikazibandika kwa gundi kwenye plastiki iliyo chini ya skrini, moja sawasawa chini ya alama ya upepo wa kiooni na nyingine chini ya alama ya kupunguza baridi. Kidole kikiigusa kunde hupanda juu kidogo na kubonyeza, na macho yanabaki barabarani. Mjukuu wangu ameziona akacheka sana, na jua la kuegeshwa nje limekwisha kuzing'oa mara mbili, lakini gundi ninayo na kunde hazijapanda bei.

Mstaafu wa bandari,
Kisauni, Mombasa.