Chingamu ya nikotini isitiwe ubaya

Mhariri,

Hapa Kondele, mvutaji akionekana anatafuna chingamu ya nikotini, dawa inayompa nikotini bila moshi ili aweze kuacha sigara, hakosi mtu wa kumwambia amebadilisha sumu kwa sumu. Si kweli. Kinacholeta saratani ni lami na kemikali nyingine za moshi; nikotini ndiyo inayomfunga mtu asiweze kuacha. Shirika la Afya Duniani liliiingiza chingamu hii kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2009.

Shida ni matumizi. Wengi huitafuna mfululizo kama peremende na kumeza mate, kisha kwikwi na kiungulia vikianza, wanailaumu dawa. Itafunwe polepole mpaka mdomo uwashe, ibanwe kati ya ufizi na shavu, mwasho ukiisha itafunwe tena, kwa takriban nusu saa. Kahawa, juisi na soda ziepukwe dakika 15 kabla, maana hupunguza nikotini inayoingia mwilini.

Mjamzito na mwenye ugonjwa wa moyo waulize daktari kwanza. Na watoto wasiifikie kamwe! Wauza dawa wetu wayaseme haya pale kaunta, badala ya kupokea pesa tu na kumwita anayefuata.

Msomaji,
Kondele, Kisumu.