Kraki steshenari, anayeumia ni mteja

Ndugu Mhariri, hongereni na kazi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niongee na wenzangu wa hapa Tabora mjini, hasa wenye steshenari na sisi mafundi tunaowahudumia, maana hizi programu za kraki, yaani za kulipia zilizovunjwa ulinzi ili zitumike bure, tunazichukulia poa na wala sio za poa.

Mi ni fundi kompyuta. Kazi inayoongoza mezani kwangu ni "fundi nipigie window", yaani niwekee Windows upya, na bei yake mtaani kila mtu anaijua, elfu kumi, elfu kumi na tano, ukikaza sana elfu ishirini, na kwa hela hiyo hiyo mteja anataka Windows, anataka Word na Excel, Publisher ya kutengenezea kadi za harusi, Photoshop, na antivairasi juu. Sasa Windows 11 Home peke yake Microsoft wanaiuza dola 139 huko Marekani, yaani laki tatu na zaidi ya hela yetu, kwa hiyo tusidanganyane, vyote vinavyotoka kwenye hiyo elfu kumi na tano ni kraki. Simcheki mtu kwa kukosa laki tatu, mi mwenyewe sina ya kuchezea. Shida yangu ni kile kinachoingia pamoja na hiyo kraki.

Aliyewahi kudaunlodi aktiveta, kile kijiprogramu cha kuidanganya Windows ijione imelipiwa, anajua zinavyokuja. Unapata zipu imefungwa na paswedi, alafu paswedi yenyewe wameiandika hapo hapo pembeni, 1234. Kwa nini walifunge faili ambalo paswedi yake wanaigawa bure? Wamefunga sababu antivairasi haiwezi kuchungulia ndani ya zipu iliyofungwa, basi inapita salama mpaka kwenye mashine. Ukifungua unakuta kifaili cha maelezo kinakwambia zima kwanza antivairasi, itakupigia kelele za uongo usiisikilize. Na tunazima! Mgeni anabisha hodi saa nane usiku anakwambia kamfunge mbwa ndo niingie, na wewe unachukua kamba unaenda. Ujanja wao unashika kwa sababu una chembe ya ukweli, antivairasi hupigia kelele kraki yoyote hata ambayo haijabeba mwizi, kwa hiyo fundi akishazoea kuzipuuza hizo kelele hana tena namna ya kujua ipi ni ipi. Mwaka 2021 watafiti wa usalama walikamata KMSPico feki, hiyo aktiveta maarufu ambayo kila fundi anayo kwenye fleshi yake, ikiwa na CryptBot ndani, kirusi cha kuiba paswedi, na ilikuwa inaaktiveti vizuri tu! Mteja anaona mashine imekubali, analipa anaondoka, kumbe paswedi zake zimeshatangulia.

Hapo ndo nataka wenye steshenari wanisikilize. Laptopu ya nyumbani ikiibiwa paswedi ni za mtu mmoja na familia yake. Kompyuta ya steshenari imebeba za mtaa mzima. Msimu wa maombi ya mkopo wa chuo wa Bodi ya Mikopo ukifika vijana wanapanga foleni hadi nje, binti wa kaunta anamfungulia kila mmoja imeili, paswedi anaitunga yeye mwenyewe, jina la mteja na 123 mbele, Chrome inauliza nihifadhi anabonyeza ndio, maana anajua wiki ijayo huyu kijana atarudi kasahau. Ni huruma tu, hana nia mbaya. Ongeza akaunti za Ajira Portal, za TRA, za wanaoomba tenda. Alafu angalia desktopu ya hiyo kompyuta, imejaa skani hadi picha ya nyuma haionekani: kitambulisho cha NIDA cha mama fulani, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, vyeti vya fomu foo, mkataba wa kiwanja cha Ipuli na saini zote. Mteja kashalipa mia tano yake ya skani kaenda zake, nakala yake imebaki pale mwaka wa pili huu.

Virusi vya siku hizi hasa ndo vinafuata vitu hivyo, na havina fujo, mashine haizimi wala haiwi nzito. Vinachukua paswedi zote zilizohifadhiwa kwenye braoza na kuki zake, vile vifaili vinavyokumbuka kwamba umeshaingia, na kuki ndo mbaya zaidi, maana mwizi akiipata anaweza kuingia kwenye akaunti ambayo tayari iko wazi bila kuulizwa paswedi wala ile namba ya siri inayotumwa kwenye simu. Kimoja kinaitwa Lumma, na kraki ni moja ya njia zake, Mei 2025 Microsoft na vyombo vya dola vya nchi kadhaa waliibomoa mitambo yake, na Microsoft walisema ndani ya miezi miwili tu walikuwa wameona kompyuta zaidi ya 394,000 za Windows zimeambukizwa. Wakibomolewa hawa wanazuka wengine, biashara inalipa.

Kuna na aina ya pili, hiyo yenyewe ina fujo. Mwalimu mmoja aliniletea laptopu, alama za wanafunzi zote za mwaka hazifunguki, kila faili limeota mkia wa herufi nne mwishoni na kuna kikaratasi kinaitwa _readme kila folda. Nikamuuliza siku ile ulifanya nini, akasema alipewa Office na rafiki kwenye fleshi, akaweka, ikatokea skrini inasema Windows inajiapdeti akaiacha akaenda kula. Ile skrini ilikuwa ya uongo, nyuma yake mafaili yalikuwa yanafungwa moja moja. Ni familia ya STOP, virusi vinavyofunga mafaili na kudai hela ndo vifungue, wengine wanaiita Djvu, iko tangu 2018 na njia yake kubwa ni kraki hizi hizi, kwa miaka mingi walikuwa wanadai dola 980, ukiwahi ndani ya masaa 72 wanakukatia nusu, 490. Kampuni ya Emsisoft ilitoa dawa ya bure Oktoba 2019 lakini inafungua vizuri zile za zamani, zilizotoka baada ya Agosti mwaka huo mara nyingi hazifunguki. Za mwalimu hazikufunguka. Alikuwa na bakapu kwenye hadi diski ya nje ila ilikuwa imechomekwa muda wote, nayo ikafungwa pamoja.

Wa simu nao wasicheke. GB WhatsApp na ndugu zake, hizi WhatsApp zilizochezewa mnazorushiana kwa Xender, ni hadithi ile ile, Agosti 2021 kampuni ya usalama ya Kaspersky walikuta FMWhatsApp ina trojani ya Triada ndani, yaani kirusi kilichojificha ndani ya programu.

Sasa utaniambia fundi, laki tatu ntaitoa wapi. Mara nyingi huhitaji kuitoa, na hapa nawasema mafundi wenzangu. Hizi laptopu used tunazouziwa, nyingi zilizotoka kiwandani na Windows 8 kuja juu zina ufunguo wake halali umekaa ndani ya ubao wenyewe. Ukiweka Windows ya toleo lile lile mashine ilikuja nalo, kama ni Home basi Home, ukaichukua kwenye tovuti ya Microsoft yenyewe ambako kuidaunlodi ni bure, ukiunga intaneti inajiaktiveti yenyewe bila kuiomba. Sisi tunafanyaje? Mashine ina leseni ya Home, tunaipiga Pro sababu mteja anaamini Pro ndo ya maana, inakataa, tunaichoma aktiveta. Tumemnyang'anya mtu leseni aliyoilipia tukampa virusi na chenji hatukurudisha. Na hata ikikataa kabisa, yale maandishi ya "Activate Windows" pembeni kulia chini hayazimi mashine, Word inachapa, printa inatoa, apdeti zinaingia, utashindwa kubadilisha picha ya nyuma na virembo vingine basi. Leseni bado unadaiwa, ila ukiniuliza bora uishi na yale maandishi kuliko kuyafuta kwa aktiveta.

Upande wa Office kuna LibreOffice, bure kabisa na halali, inafungua Word na Excel. Sitawadanganya, ripoti ya chuo yenye majedwali mengi inaweza kuruka mpangilio na mteja atakununia, na Publisher ya kadi wengi wataililia, ila barua, CV, mitihani ya shule na mahesabu ya duka inapiga bila shida. Kwa mashine chakavu weka Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, hasa saivi ambapo apdeti za kawaida za Windows 10 zilifikia mwisho tarehe 14 Oktoba 2025.

Kwa wateja, ukitoka steshenari hakikisha umetolewa kwenye akaunti, mwambie afute skani zako mbele ya macho yako na kwenye kapu la takataka pia, na paswedi ibadilishe ukifika nyumbani kwa simu yako. Usione aibu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, sio hisani.

Na halmashauri yetu, maafisa biashara wanapita kila mwaka steshenari kuuliza leseni ya biashara, kwa nini wasiulize pia hizo skani za watu zinakaa wapi na zinafutwa lini? Ni dakika mbili, na hawahitaji kuwa wataalamu, waangalie desktopu tu.

Ni mimi msomaji wenu,
Fundi kompyuta, Ng'ambo, Tabora