Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka Tuliosoma Shule za Yerusalemu

Ndugu wanachama,

Mkutano mkuu uliopita ulinikabidhi kiti hiki pamoja na azimio lililopita kwa kura chache: mwaka mzima tuache kurukaruka mada, tushike mji mmoja tuusome mpaka tuuchoke. Mji ukawa Yerusalemu. Mimi nilipiga kura ya hapana, na kumbukumbu zinaonyesha hivyo. Nilihofu tungegombana kuhusu vita, shule tukazisahau. Nilikosea nusu. Tuligombana kweli, lakini tuligombania vitabu vya kiada, na chama cha wasomaji wa historia ya elimu kisipogombania hivyo kitagombania nini?

Ya utawala niyamalize upesi. Vikao vilifanyika kila mwezi, isipokuwa mwezi mmoja ambapo ukumbi ulikuwa umekodishwa kwa harusi. Mweka hazina atawasomea hesabu mwenyewe. Langu ni kusema kwamba hatudaiwi.

Sasa kazi yenyewe. Katika kikao cha pili katibu wetu aliuliza swali ambalo tumelitumia mwaka mzima kama ufunguo: cheti cha mwisho anakitoa nani, na kinafungua mlango gani? Wengine tulikuwa tumezama kwenye kurasa za vitabu, nani katajwa, nani kafutwa. Swali la katibu likatutoa huko. Kila tuliposhindwa kuelewa kwa nini mzazi wa mji ule alimhamisha mtoto, tulirudi kwenye cheti tukapata jibu.

Tulianzia enzi ya Waosmani. Dola yao ilitunga sheria ya elimu ya umma mwaka 1869, lakini Yerusalemu wageni walikuwa wameshatangulia. Askofu Samuel Gobat alianzisha shule ya Kiprotestanti mwaka 1847. Mjerumani Johann Ludwig Schneller akafungua kituo chake cha yatima mwaka 1860, mahali ambapo watoto walifundishwa kusoma pamoja na ufundi. Mabruda wa Kikatoliki wa De La Salle wakaja mwaka 1876 na Kifaransa chao. Kwa Wayahudi mambo yalikuwa hayohayo: shule ya Lämel ya mwaka 1856 ilitokana na fedha za Austria, shule ya wasichana ya Evelina de Rothschild ikaelemea Uingereza, na ile ya Alliance ya mwaka 1882 ikaelemea Paris. Mzazi aliyechagua shule alikuwa, akitaka asitake, amechagua ubalozi.

Wenyeji wawili walituvutia kwa sababu walilikataa soko hilo. Khalil al-Sakakini, mwalimu Mwarabu, alifungua shule yake, Dusturiyya, mwaka 1909, mara baada ya katiba ya Waosmani kurudishwa. Lugha ilikuwa Kiarabu. Hakukuwa na viboko, zawadi wala maksi. (Walimu wastaafu kati yetu waliguna kwenye hilo la maksi, na mmoja akauliza wazazi walimwelewaje.) Upande wa Wayahudi, mwaka 1913 shirika la Kijerumani lililokuwa likiendesha shule nyingi lilitaka sayansi katika chuo cha ufundi cha Haifa ifundishwe kwa Kijerumani. Walimu na wanafunzi wakagoma hadi Yerusalemu, na mmoja wao, David Yellin, akaondoka kwenda kuanzisha chuo cha ualimu cha Kiebrania. Watu hawa wawili waliishi mji mmoja, miaka ileile, na kila mmoja alikuwa akiidai lugha yake darasani. Nadhani hicho ndicho kikao kilichokuwa bora kuliko vyote, na nawashukuru wawasilishaji.

Kisha wakaja Waingereza. Kifungu cha 15 cha hati ya udhamini ya mwaka 1922, iliyowapa kuitawala Palestina, kiliipa kila jamii haki ya kuwa na shule zake kwa lugha yake, mradi ifuate masharti ya jumla ya serikali. Kwenye karatasi haki ilikuwa sawa. Kwa vitendo, shule za Kiebrania ziliendeshwa na taasisi za Wayahudi wenyewe, mtaala ukiwa mikononi mwao, ilhali shule za umma za Waarabu ziliwekwa chini ya Idara ya Elimu ya Humphrey Bowman, afisa aliyekuwa ametumikia Misri na Iraki. Waingereza wa aina yake waliogopa kuzalisha vijana wasomi wasio na kazi, kwa hiyo shule za vijijini zikaelekezwa kwenye jembe, na historia ikafundishwa kwa namna isiyoamsha mtu. Al-Sakakini, aliyekuwa mkuu wa chuo cha ualimu cha serikali, alijiuzulu mwaka 1920 kupinga uteuzi wa Herbert Samuel, Mwingereza Myahudi aliyeunga mkono Uzayuni, kuwa Kamishna Mkuu. Chuo hichohicho baadaye kikawa Chuo cha Kiarabu chini ya Ahmad Samih al-Khalidi, kikachagua vijana hodari kutoka nchi nzima na kuwafundisha mpaka Kilatini. Kilifungwa mwaka 1948. Tume ya Peel, iliyotumwa na Uingereza kuchunguza machafuko ya Palestina, ilipofika ilikuta, kama ilivyoandika katika ripoti ya mwaka 1937, kwamba shule za pande zote mbili zimekuwa vitalu vya utaifa. Yaani ule udhibiti mkali kwa upande mmoja na uhuru kwa upande wa pili vilizaa matunda yaleyale.

Miaka ya Jordan, 1948 hadi 1967, tuliipitia haraka, labda haraka mno. Mji ulikuwa umegawanyika kwa waya. Mashariki, chini ya Jordan, walifuata mtaala wa Amman na tawjihi, mtihani wa kumaliza sekondari. Magharibi Israeli ikatunga sheria yake ya elimu ya taifa mwaka 1953, ambayo iliacha nafasi kwa shule za Wayahudi washika dini wakali. Hizo nitazirudia.

Mwaka 1967 ndio uliokula vikao vitatu. Baada ya vita vya Juni, Israeli ilipanua sheria zake hadi Yerusalemu Mashariki, na ilipofika Septemba ikataka shule za serikali za huko zifuate mtaala wa Waarabu walioko ndani ya Israeli. Katika Ukingo wa Magharibi, ambako palikuwa chini ya jeshi, mtaala wa Jordan uliachwa uendelee, vitabu vikichujwa. Mashariki ya mji haikupewa nafasi hiyo. Husni al-Ashhab, aliyekuwa akisimamia elimu hapo, alikataa kushirikiana na watawala wapya. Walimu wakagoma. Wazazi wakawatoa watoto shule za serikali, wakawapeleka za kanisa na nyingine zilizofunguliwa chini ya Wakfu wa Kiislamu, ambao bado ulikuwa na mkono Amman. Shule hizo za Wakfu zinafungamanishwa na jina la al-Ashhab hadi leo.

Hapa ndipo swali la katibu lilipofanya kazi. Mjumbe mmoja alishikilia kwamba wazazi wale walisukumwa na uzalendo mtupu. Sikatai kwamba uzalendo ulikuwepo. Lakini mtoto aliyemaliza kwa cheti cha Israeli, bagruti, angekwenda nacho wapi? Vyuo vikuu vya Amman, Cairo, Beirut na Damascus vilikuwa vikidai tawjihi. Kule Israeli, kijana aliyesoma kwa Kiarabu tangu darasa la kwanza angeufikia mlango wa chuo akakuta umeandikwa kwa Kiebrania. Shule za sekondari za serikali zikabaki karibu tupu, na katikati ya miaka ya 1970 Israeli ikarudi nyuma: mtaala wa Jordan ukaruhusiwa tena, Kiebrania kikiongezwa. Dola iliyoshinda vita kwa siku sita ilishindwa na wazazi kwa miaka isiyofika kumi. Sijui mji mwingine ambako fomu ya uhamisho wa mwanafunzi imewahi kuwa na nguvu kiasi hicho.

Mamlaka ya Palestina ilipokabidhiwa elimu mwaka 1994, na vitabu vyake vya kwanza vilipotoka mwaka 2000, shule za Yerusalemu Mashariki zilihama kutoka vitabu vya Amman kwenda vya Ramallah. Manispaa ya Israeli ikaanza kuvichapa upya kwa ajili ya shule inazozilipia, ikiondoa nembo, bendera na vifungu isivyovitaka. Machi 2011 shule binafsi zinazopokea ruzuku nazo ziliagizwa zinunue vitabu kwa manispaa tu.

Kikao kilichojadili uchujaji huo ndicho kilichomalizika saa mbili baada ya muda, na bawabu ana haki ya kunilaumu. Upande mmoja ulisema hakuna dola inayolipia kitabu kinachoikana. Upande wa pili ukasema hakuna jamii inayokubali mtoto wake afundishwe kwamba haipo. Tulisoma pia muhtasari wa utafiti wa Taasisi ya Georg Eckert ya Ujerumani, uliogharimiwa na Umoja wa Ulaya na kutoka mwaka 2021: uliona kwamba vitabu vya Palestina kwa jumla vinafuata viwango vya UNESCO, na papo hapo ukaonyesha kurasa zenye chuki dhidi ya Wayahudi na zinazosifu vurugu. Kila upande mle ukumbini ulinukuu nusu yake. Maoni yangu, ambayo si msimamo wa chama: kurasa zile zilistahili kukosolewa, lakini bendera iliyofutwa kwenye jalada inamfundisha mtoto somo ambalo halikuwemo kitabuni, na analielewa bila mwalimu.

Siku hizi shinikizo limehamia kwenye fedha na vibali. Mahakama Kuu ya Israeli iliamua Februari 2011 kwamba mji una wajibu wa kuwapa watoto wote wa Kipalestina elimu ya umma bila malipo, na ukapewa miaka mitano kumaliza upungufu wa madarasa. Muda huo ulipita na upungufu ukabaki. Mei 2018 serikali ilipitisha azimio namba 3790, zaidi ya shekeli bilioni 2 kwa Yerusalemu Mashariki kwa miaka mitano. Fungu la elimu lilikaribia milioni 450, na zaidi ya asilimia 40 ya fungu hilo ilifungwa kwa sharti la mtaala wa Israeli. Mkuu wa shule mwenye paa linalovuja anachagua nini? Julai 2022 shule sita zilinyang'anywa kibali cha kudumu kwa sababu ya vitabu, zikapewa cha mwaka mmoja. Septemba mwaka huohuo shule za mashariki zikagoma. Na tarehe 8 Mei 2025 askari waliingia shule za UNRWA, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi wa Kipalestina, tatu kati yake zikiwa kambi ya Shuafat, wakafunga sita. Karibu watoto 800 walibaki bila shule.

Hata hivyo tusidanganyane kwamba wote wanaoelekea bagruti wanaburutwa. Cheti ni kilekile, mlango umehama. Kijana wa Yerusalemu Mashariki anayetaka kazi au nafasi ya chuo magharibi mwa mji anahitaji Kiebrania, na wazazi wengine wanapiga hesabu hiyo kwa macho makavu, kama waliotangulia walivyoipiga kwa upande wa pili mwaka 1967.

Deni letu moja ni zile shule za Wayahudi washika dini wakali. Katika mji huohuo zipo ambazo kwa miongo zimekataa kufundisha wavulana hisabati na Kiingereza kama dola inavyodai, na zimeendelea kupata fedha za umma. Mjumbe aliyeahidi kuwasilisha mada hiyo aliugua. Kamati inapendekeza ipewe vikao viwili vya mwanzo mwakani, kabla ya kuhamia mji mwingine. Pendekezo hilo ni ajenda namba sita, na litapigiwa kura kwa mikono.

Nakala yetu ya ripoti ya Peel haipo kabatini tangu kikao cha nne. Aliyenayo airudishe kwa katibu kabla ya uchaguzi, hataulizwa kitu.