Shoga, kabla fundi hajachimba msingi

Shoga yangu, habari za Dodoma? Shem na watoto hawajambo? Sisi huku Mtwara wazima, joto tu ndo limeshaanza na mvua bado inasuasua.

Picha za nyumba za Mediterania nimezipata zote, za Hispania na za Ugiriki, nimezipenda kweli. Na nimefurahi zaidi kusikia mmeamua kujenga huku, kile kiwanja cha njia ya Mikindani kimeota majani vya kutosha. Sa ngoja nkwambie ninavoona mimi, maana hela ya nyumba haitafutwi mara mbili. We umependa matao na ule weupe, lakini raha ya zile nyumba iko kwenye ua wa katikati. Kule Córdoba, Hispania, kiangazi joto linapita digrii 40 na watu wanaishi vizuri tu, nyumba imeupa mgongo mtaa, vyumba vinatazama ndani kwenye kivuli na maua na maji, na wanavozipenda nyua zao wanazifanyia sherehe kila mwaka mpaka UNESCO wakaiingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni mwaka 2012. Kwahiyo mwambie mchoraji aanze na ua, vyumba vifuate. Asikuletee ramani ileile ya sebule, masta na koridoo la giza halafu akubandikie matao mawili mbele aseme ndo Mediterania hiyo.

Na wala si jambo geni kwetu. Husuni Kubwa pale Kilwa Kisiwani, jumba la sultani la karne ya 14, limepangwa kwa nyua na lina bwawa la pembe nane. Halafu mama mkwe si atakaa na nyie? Bila uani atakuna nazi wapi yule.

Ila usichukue kila kitu shoga. Wenzetu mvua zao zinanyesha kipindi cha baridi, kiangazi ni kikavu, usiku kunapoa, kwahiyo ukuta mnene unapoa nao na mchana unawatunzia ubaridi. Sisi joto na mvua vinakuja pamoja, kuanzia Desemba hivi mpaka Aprili, na hewa ya bahari nzito jasho halikauki, hapo kinachotuokoa ni upepo peke yake. Ukiufunga ua pande zote nne utapika watoto humo ndani. Upande wa mashariki uache wazi au weka tofali za matundu, maana kusi inatokea kusini mashariki na kaskazi inatokea kaskazini mashariki, utazipokea zote mbili, na kila chumba kiwe na madirisha kuta mbili ili upepo ukiingia upate pa kutokea. Yale ya alminiamu ya kuslaidi mi siyapendi kabisa, unalipia dirisha zima linafunguka nusu. Weka ya kufunguka kama mlango, na nje luva za mbao kama wanavoweka wao, unafunga jua huku upepo unapita.

Paa sasa. Visiwa vingine vya Ugiriki wanaweka paa bapa kwa sababu mvua yao ni kidogo na wanaikusanya kwenye matangi. Huku kila mtu sa hivi anataka kontempo, bati limefichwa nyuma ya ukuta, nyumba haina upenu hata kidogo, mvua ya Januari ikipiga plasta inalowa yote na gata ikiziba majani maji yanarudi kwenye dari la jipsamu. Nakusihi weka paa la mteremko, upenu utoke mita moja. Vigae vya udongo vitakula mbao nyingi kwa uzito wake, bati la rangi linatosha ila chukua geji 28 siyo 30 ambayo ni nyembamba zaidi, chumvi ya huku inakula bati jembamba haraka sana, na maji yote yaende kwenye tangi la chini ya ua.

Ubavu mrefu wa nyumba utazame kaskazini na kusini, hapo jua la mchana linakuwa juu utosini na upenu unamaliza kazi. Magharibi ndo kuna balaa, jua la jioni linaingia limelala. Basi matao yako yapeleke hukohuko, jenga baraza ndefu yenye matao upande mzima wa magharibi, yatakupa kivuli na wageni wa shem watapata pa kukaa bila kupita sebuleni, hata ukipata shughuli watu wanaenea.

Chokaa nyeupe sawa kabisa, inarudisha jua na unaipiga tena kila ikikaribia Idi, ila chini piga mkanda wa rangi ya udongo, mvua inarusha matope mekundu. Mzabibu wa kivuli wachia Dodoma, huku unyevu unaleta ukungu kwenye majani, panda pasheni. Mlango wa mbele tutafute mchongaji wa Kimakonde, hapo usibane hela. Na fundi yeyote akikwambia mchanga wa ufukweni unafaa mfukuze, chumvi yake inaozesha nondo ndani kwa ndani.

Nitumie vipimo vya kiwanja na barabara iko upande gani, maana kama iko mashariki itabidi tuangalie upya geti na ule ukuta wa matundu. Jumamosi naenda kusimama pale mwenyewe jioni nione jua linapiga wapi, ntakupigia nikiwa hukohuko. Msalimie sana mama mkwe.

Shoga yako wa Shangani