Barua ya malalamiko kuhusu pikipiki iliyokabidhiwa bila kukaguliwa

Soweto, Moshi
8 Julai 2024

Meneja,
Duka la Pikipiki,
Arusha.

Ndugu Meneja,

YAH: PIKIPIKI NILIYOINUNUA KWENU TAREHE 6 MEI 2024

Tafadhali husika na kichwa cha barua hapo juu. Mimi ni mteja wenu niliyenunua pikipiki mpya ya safari ndefu, ile yenye gurudumu la mbele la inchi 21 na tangi la lita 15, kwa malipo ya mkupuo mmoja yaliyotoka kwenye kiinua mgongo changu. Nalalamikia mambo mawili ambayo kwa kweli ni moja: pikipiki ilitoka dukani kwenu bila kukaguliwa, na niliporudi kueleza kasoro zake, fundi wenu akaandika kwamba kasoro ni mimi.

Sina budi kueleza kwanza nilikotoka, kwa kuwa ndiko mlikopata hoja yenu. Nilikuwa bwana shamba wilayani Same, na kwa miaka kumi na mmoja, hadi mwaka 2003, chombo changu cha kazi kilikuwa Honda XL125 ya serikali, yenye kabureta, breki za ngoma mbele na nyuma, na kiki ya mguu ambayo asubuhi za baridi kule milimani Upareni ilitaka uvumilivu. Kisha nikahamishiwa ofisini, pikipiki ikabaki kwa aliyenirithi, na miaka 21 ikapita sijashika klachi. Hayo nilimweleza kijana wenu wa mauzo siku ya kwanza nilipoingia dukani, wala hakuniuliza, kwa sababu naamini mnunuzi naye anao wajibu wa kusema kweli. Sikujua kwamba nilikuwa nawakabidhi fimbo ya kunichapia.

Na kwa kuwa nataka barua hii iaminike, nakiri pia makosa yangu. Wiki ile ya kwanza mguu wangu wa kulia ulikuwa bado unatafuta kiki kwenye chombo ambacho hakina kiki. Injini ilinizimikia mara mbili mbele ya bodaboda kadhaa, nao hawakuficha furaha yao. Tarehe 9 Mei niliegesha pikipiki uani kwangu, nikaweka stendi ya pembeni kwenye udongo laini kando ya migomba, na chombo cha karibu kilo 200 kikalala taratibu kama ng'ombe aliyechoka, kikavunja kioo cha kushoto. Kioo hicho nimekinunua kwa fedha yangu na hakimo katika madai haya. Najua, basi, kosa la dereva aliyekaa muda mrefu bila kuendesha linavyokuwa. Ninayoyalalamikia ni mengine kabisa.

Siku ya makabidhiano nilikalishwa kwenye kiti, nikapewa chai, na kabla sijaimaliza nikaletewa fomu ya ukaguzi yenye mistari 22, yote imewekewa alama ya vema kwa kalamu moja na mkono mmoja, ukiwemo mstari wa upepo wa matairi, wa mkazo wa spoku, na wa beringi za usukani. Niliitia saini, hilo silikani. Niliitia saini kama mgonjwa anavyopokea dawa dirishani, kwa kuamini kwamba aliyezihesabu amezihesabu.

Nikaondoka kuja Moshi, kama kilomita 80. Kupita Usa River na Kikatiti hapakuwa na la kusema, zaidi ya kwamba pikipiki ilikuwa inadundadunda mbele kuliko nilivyotarajia kwa shokapu ndefu kama zile. Nilipopita Kwa Sadala na kuanza kuteremka kuelekea daraja la Kikafu, lori lililokuwa mbele yangu lilipunguza mwendo ghafla. Nikabana breki ya mbele kwa kiasi, nikasikia kishindo kimoja kizito, ko!, kikipanda kutoka kwenye kichwa cha usukani hadi viganjani mwangu, kisha usukani ukaanza kutikisika kulia na kushoto hadi nilipoachia. Nilivuka daraja kwa mwendo wa baiskeli. Nilipofika nyumbani sikumwambia mke wangu, na nilijilaumu mwenyewe: breki ya diski sikuizoea, umri nao haungoji, labda nimebana vibaya. Nilijilaumu hivyo kwa karibu mwezi mzima, Ndugu Meneja, na katika yote yaliyonipata hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba nilikuwa nimeshaanza kukubaliana nanyi kabla hamjasema neno.

Asubuhi iliyofuata, kabla jua halijachomoza na kabla chombo hakijatembea, nilipima upepo wa matairi. Tairi la mbele lilikuwa na PSI 44 na la nyuma PSI 44. Kibandiko kilichopo kwenye pikipiki yenyewe kinataka 25 mbele na 32 nyuma. Naomba mlitafakari jambo hili kwa utulivu, kwa maana halihitaji ufundi mkubwa. Tairi hupungua upepo, halijiongezei. Joto la safari lingeweza kuongeza PSI mbili au tatu, lakini nilipima likiwa baridi baada ya kulala usiku kucha. Fomu yenu inasema upepo ulipimwa na kurekebishwa. Kwa hiyo ama kipimo chenu ni kibovu, ama hakuna aliyepima, na kama mstari rahisi kuliko yote katika ile 22 uliwekewa alama bila kufanyiwa kazi, sina sababu ya kuamini ile migumu. Picha ya kipimo kikiwa kwenye tairi nimeiambatisha pamoja na nakala ya fomu.

Nilirekebisha upepo, na kudundadunda kukaisha. Kishindo cha usukani hakikuisha. Kwa wiki tatu nilikuwa natoka alfajiri kwenda barabara ya TPC, ile ya kiwanda cha sukari, ambayo ni tambarare na wakati huo haina watu wengi, nikijifundisha upya kubana breki, kwanza kwa mwendo wa 30, kisha 40, kisha 50. Mikono yangu ilizidi kuwa mizuri kila siku, nami nilikuwa nafurahi kuihisi ikikumbuka. Usukani uligonga vilevile siku ya kwanza na siku ya mwisho. Mtu anayejifunza hubadilika; hiki hakikubadilika.

Tarehe 3 Juni nilileta pikipiki kwenu kwa huduma ya kwanza, ikiwa imetembea kilomita 486, kwa kuwa kitabu kinataka ifanyike kwenye kilomita 500. Nilieleza tatizo kwa kinywa na nikaomba liandikwe. Fundi aliendesha kuzunguka uwanja wa nyuma, ambao hautoshi hata kuingiza gia ya tatu, akarudi akasema haoni kitu. Nililipia oili na chujio, na nikapewa kadi ya kazi ambayo, chini ya mistari mingine iliyowekewa alama za vema, ina maneno haya: "Pikipiki haina tatizo. Mteja hajaendesha muda mrefu, ashauriwe kujifunza." Nilishauriwa. Kijana wa mapokezi alinishauri kwa upole sana, akiniita mzee kila baada ya neno la tatu, kwamba pikipiki za siku hizi zina nguvu kuliko zile za zamani. Shikamoo nilipewa, na nilistahili. Fundi wa kukaza nati sikupewa.

Nikarudi Moshi, na kwa sababu wataalamu walikuwa wamesema haina tatizo, tarehe 22 Juni nilikwenda nayo kule nilikokusudia kuiendesha nilipoinunua, yaani barabara ya vumbi. Nilipandia Boma Ng'ombe, nikapita Sanya Juu, nikaelekea Ngarenairobi. Palipokuwa na rasta, yaani mikunjo midogo inayofuatana barabarani, nilisimama juu ya pedeli kama nilivyofanya miaka ile Upareni, nikiwa kwenye mwendo wa 40. Gurudumu la mbele likaanza kuimba sauti ya ajabu, kisha kukawa na mlio kama wa waya kukatika, na pikipiki ikavutika upande wa kulia hadi ukingoni mwa barabara. Sikuanguka. Nilipokagua nilikuta spoku mbili zimekatika, na nyingine zikicheza kwa kidole. Nililazimika kukodi pikapu ya kubebea viazi kunirudisha Moshi, kwa shilingi 120,000, na risiti ya mkono ya mwenye gari ipo.

Nilimwita fundi mmoja wa hapa Moshi, mtu aliyezeeka na kazi hii, nikamkataza kufungua nati hata moja, kwa sababu sikutaka mje kusema kwamba dhamana imevunjwa na fundi wa mtaani. Akatumia macho, masikio na mikono tu. Aligonga spoku za mbele moja moja kwa spana ndogo: iliyokaza hulia ting kama kengele, iliyolegea hutoa sauti ya kuziba. Katika spoku 36, mbali na mbili zilizokatika, 11 zilitoa sauti ya kuziba. Kisha tukaisimamisha pikipiki kwenye stendi ya kati, tukaweka jeki na kipande cha mbao chini ya injini hadi gurudumu la mbele likaning'inia. Akashika miguu ya shokapu kwa chini, akaivuta kwake na kuisukuma. Kila aliposukuma, usukani ulitoa kile kishindo cha Kikafu, na nilipoweka kidole pale fremu inapokutana na usukani nilihisi ulegevu. Hiyo ni nati ya beringi za usukani, ambayo haikukazwa inavyotakiwa pikipiki ilipotolewa kwenye kreti na kuunganishwa. Tuliyarekodi yote kwa simu, na video nimewatumia kwa namba ya huduma kwa wateja.

Wakati usukani unagonga mimi sikuwa juu ya pikipiki. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda kando yake. Naomba aliyeandika kadi ile aeleze ni uzoefu gani wa kuendesha unaohitajika kwa mtu aliyekaa kwenye kigoda.

Tarehe 24 Juni nilipiga simu, nikaelezwa na msimamizi wa karakana kwamba spoku ni kitu cha kuchakaa na dhamana ya miaka miwili haivihusu vitu vya kuchakaa, na kwamba "pikipiki hizi si za kujifunzia." La pili sitalijibu. La kwanza nalijibu hivi: kuchakaa huja na matumizi. Spoku mpya hulegea kidogo zinapojikalisha, na ndiyo maana kitabu chenu kinaagiza zikaguliwe na kukazwa kwenye huduma ya kwanza, ile niliyoilipia. Siku zilipokatika pikipiki ilikuwa na kilomita 731, yaani kilomita 245 tu tangu iondoke mikononi mwenu na alama ya vema kwenye mstari wa spoku.

Sidai kurudishiwa fedha ya pikipiki. Naipenda, na nikiwa barabara ya TPC alfajiri, mlima ukiwa wazi, sijutii hata shilingi moja. Nadai kwamba mwichukue Moshi kwa gharama yenu, kwa sababu chombo chenye usukani uliolegea na spoku zilizokatika sitakiendesha hadi Arusha. Mkaze au mbadilishe beringi za usukani, mlisuke upya gurudumu la mbele, na mkague mistari yote 22 nikiwa nimesimama hapo, bila chai. Baada ya hapo fundi wenu aijaribu barabarani kwa mwendo wa 60 na zaidi, si uwanjani. Nadai pia mnirudishie shilingi 120,000 za pikapu na malipo ya ufundi ya tarehe 3 Juni, kwa kuwa ufundi huo haukufanyika. Na nadai, hili kwa msisitizo, kwamba maneno yale kwenye kadi ya kazi yafutwe na paandikwe kilichokutwa, pamoja na jina na saini ya aliyekikuta. Siku pikipiki hii itakapouzwa kwa mwingine, au Mungu apishe mbali ikipata ajali, kadi ile ndiyo itakayosomwa, nami sikubali isome kwamba tatizo lilikuwa mikono yangu.

Nawapa siku 14 kuanzia mtakapopokea barua hii. Zikipita kimya, nitapeleka nakala yake na viambatisho vyote Tume ya Ushindani, na kumwomba wakili anisaidie kudai haki yangu kwa mujibu wa Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214.

Pikipiki iko uani kwangu chini ya turubai, imeegeshwa kwenye zege, si kwenye migomba. Mtakayemtuma apige simu kwanza kwa namba iliyopo kwenye fomu yenu, aje na gari lenye kamba za kufungia, na aje asubuhi, kwani mchana mimi huwa shambani.

Wenu katika biashara,

(Saini)
Mteja wenu,
Soweto, Moshi.