Michezo ya zamani ilikuwa na paukwa yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nisahihishe jambo moja. Katika makala ya teknolojia iliyochapishwa hivi karibuni, mwandishi wako, alipokuwa akiisifu michezo mipya ya simu, aliigusia kwa sentensi moja michezo ya kompyuta za nyumbani ya miaka ya 1980, akasema kwamba haikuwa na utangulizi wowote: mtu aliwasha mashine, akabonyeza kitufe, akaanza kupiga risasi. Huenda wasomaji wengi waliipita sentensi hiyo bila kuijali. Mimi niliirudia mara tatu, kwa sababu ninachokikumbuka zaidi katika michezo ile ni mianzo yake, na iko niliyoijua kwa moyo ilhali mchezo wenyewe sikuwahi kuumaliza.

Kaka yangu mkubwa alikuwa baharia. Mwaka 1987 alirudi Tanga na ZX Spectrum ya kilobaiti 48, aina ya kompyuta ya nyumbani iliyoingia sokoni Uingereza mwaka 1982, akiwa ameizungushia taulo na kuificha katikati ya nguo zake. Nyumbani kwetu Ngamiani kulikuwa na televisheni ya rangi ambayo kazi yake pekee ilikuwa kuonyesha mikanda ya video, kwa kuwa Tanzania Bara ilikuwa bado haina kituo cha televisheni. Tukaunganisha waya, tukatia kaseti katika redio ile ile iliyopiga taarab mchana, na hapo ndipo utangulizi ulipoanza.

Nieleze ulivyokuwa. Programu ilihifadhiwa kwenye kaseti kwa njia ya sauti. Kwanza ulitoka mlio mmoja mrefu usiobadilika, na pembezoni mwa kioo ikapita mistari minene ya nyekundu na samawati. Kisha mlio ukapasuka ukawa ukelele wa kukwaruza, na mistari ikawa myembamba, ya buluu na njano, ikitetemeka kama maji yanayochemka. Kabla ya mchezo wenyewe ilikuja picha. Picha ya Spectrum ilikuwa na baiti 6,912, na kwa mwendo wa kaseti zilihitaji zaidi kidogo ya nusu dakika kuingia zote. Nayo haikushuka kama pazia. Kioo kiligawanywa mafungu matatu, na katika kila fungu mistari ilijazwa kwa kurukaruka, mmoja hapa na mwingine nafasi ya nane chini yake, kisha ikarudi juu kuziba mapengo, hata mwanzoni hukuweza kutambua kama unatazama uso wa mtu au ukuta wa ngome. Hata umbo lilipokamilika, rangi zilikuwa bado. Zilikuja mwisho kabisa, baiti 768 tu, zikashuka kutoka juu hadi chini kwa muda wa pumzi moja au mbili, na watoto wa mtaa mzima waliojazana sebuleni wakashusha pumzi kwa pamoja.

Baada ya hapo tulingoja dakika nyingine tatu au nne, na kungoja kwenyewe hakukuwa na uhakika. Redio yetu ilikuwa na skrubu ndogo karibu na kichwa cha kusomea kaseti, ambayo ilibidi izungushwe kwa bisibisi nyembamba mpaka mlio uwe mkali. Nilipewa kazi hiyo kwa sababu mikono yangu haikutetemeka. Umeme ukikatika katika dakika ya nne, tulianza upya. Sikumbuki hata mara moja ambapo mtu aliondoka.

Bibi yetu alikuwa akikaa kwenye mkeka wake mlangoni, na mara ya kwanza alipousikia mlio ule aliuliza kama kitu kinaumwa. Baadaye aliuzoea, akawa anasema, "Haya, wajukuu zangu, kimeshapiga hodi." Siku zile niliona ni utani. Leo naona alikuwa amelielewa jambo mapema kuliko sisi. Mtu anayejua kusimulia ngano haanzi kisa hivi hivi, anaita "Paukwa!" na kungoja aitikiwe "Pakawa!", na sauti zikiwa chache anaita tena. Watunzi wa tenzi zetu za kale nao walianza kwa jina la Mungu, wakaagiza karatasi na wino, na ndipo wakafikia habari yenyewe. Muda ule si muda wa bure, kwa kuwa ndani yake msikilizaji anatolewa alikokuwa na kuletwa hadithini.

Waliotengeneza michezo walilijua hilo, au tuseme kaseti iliwalazimisha kulijua. Rafiki yetu wa Chumbageni alikuwa na kompyuta nyingine, Commodore 64, ambayo ilikuwa na chipu ya sauti iliyoitwa SID, yenye uwezo wa kutoa sauti tatu kwa wakati mmoja. Kampuni ya michezo ya Ocean ya Manchester iliweka muziki ucheze wakati kaseti ikiendelea kusomwa, na muziki wa mwanzo wa aina hiyo ulitungwa na Martin Galway. Nafikiri kuna watu wazima wanaouvumisha muziki huo kwa mdomo mpaka leo bila kukumbuka ulikuwa wa mchezo gani. Kwenye mashine hiyo hiyo tuliusikia mchezo wa Impossible Mission wa mwaka 1984, ambao ulianza kwa sauti halisi ya mtu, iliyojaa dharau, ikimkaribisha mchezaji kwa maneno yenye maana ya "Mgeni mwingine. Kaa kidogo... kaa milele!" Kompyuta kusema lilikuwa jambo la ajabu kiasi kwamba kwa wiki kadhaa hatukuweza kumfungulia mtu mlango bila kumwambia maneno hayo.

Mwaka 1992 kaka alileta kompyuta mpya zaidi, Amiga 500, na hapa naomba uvumilivu wako, Mhariri, kwa kuwa nataka kukaa kwenye michezo miwili.

Wa kwanza ni Prince of Persia, uliotengenezwa na Jordan Mechner kwa ajili ya kompyuta ya Apple II na kutoka mwaka 1989, kisha ukahamishiwa kwenye mashine nyingine ikiwemo yetu. Ni kisa ambacho mtu wa pwani hahitaji kufafanuliwa: sultani yuko safarini, waziri wake mkuu Jaffar ameshika nchi kwa mabavu, naye amempa binti sultani saa moja achague kuolewa naye au kufa. Tunamwona binti peke yake chumbani. Jaffar anaingia, anainua mikono, na mbele yao inatokea saa ya mchanga. Anaondoka, na mchanga unaanza kudondoka. Kisha tunaambiwa kwamba tumaini la binti ni kijana anayempenda, na kwamba hajui kuwa kijana huyo amekwisha kutiwa gerezani.

Bibi yangu hakujua Kiingereza hata neno moja, lakini alifuata kila kitu. Jaffar alipogeuka kuondoka, bibi alisema, "Mwendo huo ni wa mtu mwenye hiana." Halafu akauliza, "Na mchumba wake yuko wapi?" Kabla sijamjibu, kijana mwenye nguo nyeupe alianguka ndani ya shimo la gereza, akatua kwa kuchutama, na lango likafungwa kwa kishindo nyuma yake. Bibi akasema, "Aha." Mambo yote muhimu ya mchezo yalikuwa yamekwisha kuelezwa. Tena saa ile ya mchanga haikuwa pambo, kwa kuwa mchezaji alipewa dakika 60 za kweli, na zikiisha, binti amekwenda. Mwendo wa yule kijana, ambao ulituacha vinywa wazi, ulipatikana kwa Mechner kumpiga picha za video mdogo wake akikimbia na kuruka, kisha kuzichora upya moja baada ya nyingine. Muziki ulitungwa na baba yao. Kwa hiyo utangulizi ule unaweza kuonekana kama kazi ya teknolojia, lakini ulitengenezwa na familia nyumbani, kama ngano.

Wa pili ni Another World wa Mfaransa Eric Chahi, uliotoka mwaka 1991 baada ya kazi ya takriban miaka miwili, aliyoifanya karibu yote peke yake. Gari linakuja kwa kasi usiku na kusimama kwa kuserereka. Mwanasayansi kijana anashuka, anaingia kwenye jengo, lifti inampeleka chini, anaketi mbele ya kompyuta yake na kuanzisha jaribio. Nje kuna tufani. Tunaonyeshwa vitu viwili kwa zamu, jaribio linavyokwenda na mawingu yanavyokusanyika, na mtazamaji anajua kwamba vitakutana ilhali yule bwana aliyeketi hajui. Radi inapiga. Mahali alipokuwa ameketi hapana mtu.

Kisha maji. Yuko chini kabisa ya dimbwi, meza yake imezama pamoja naye, na mwanga uko juu. Kwenye sebule yetu tulikaa tukitazama, tukidhani utangulizi unaendelea, naye akafa. Hapakuwa na maandishi yoyote ya kututangazia kwamba sasa ni zamu yetu. Tulirudia tangu mwanzo, na mara ya pili kaka, ambaye ni mtu wa bahari, alikamata kidhibiti na kukisukuma juu akisema, "Ogelea, bwana, unangoja nini?" Sijaona mpaka leo namna bora zaidi ya kumvusha mtu kutoka kutazama hadi kucheza. Na yote hayo yaliwezekana kwa sababu Chahi hakuhifadhi picha nzima nzima, bali alihifadhi pembe za maumbo na kuiachia kompyuta iyajaze rangi, maana diski moja ya Amiga ilibeba kilobaiti 880 tu, kiasi ambacho picha moja ya simu ya leo inakipita.

Niungame pia kwamba nakala zetu nyingi hazikuwa za halali. Zilinakiliwa Ulaya na vijana waliovunja kufuli za michezo, na kabla ya utangulizi wa mchezo waliweka utangulizi wao: jina la kikundi chao likiyumba, nyota zikipita, muziki, na chini kabisa maandishi yanayotambaa kutoka kulia kwenda kushoto, yakiwataja wenzao mmoja mmoja na kuwasalimu. Sisi tuliyaelewa mara moja, kwa sababu yalikuwa sawasawa na kadi za salamu tulizotuma redioni, ambamo mtu aliorodhesha shemeji, mjomba na marafiki wote wa Muheza na Pangani kabla ya kuomba wimbo. Wizi ni wizi na siutetei. Lakini sanaa iliyozaliwa na vile vitangulizi vya wizi, wanayoiita demoscene, iliingizwa na Finland katika orodha ya urithi wake wa kitamaduni mwaka 2020, na Ujerumani ikafuata mwaka 2021. Hapa kwetu sijui mtu hata mmoja aliyehifadhi kaseti zake kwa makusudi, na hewa ya chumvi ya Tanga haina huruma na utepe wa sumaku.

Sisemi kwamba kila utangulizi wa zamani ulikuwa mzuri. Kulikuwa na mirefu isiyo na lolote, na kulikuwa na michezo iliyokulazimisha kubadilisha diski kabla hata hujajua unaitwa nani. Kwa maoni yangu hali ilizidi kuwa mbaya zilipokuja CD: nafasi ikawa tele, watengenezaji wakaweka filamu mwanzoni, na filamu hizo hazikuhusiana tena na kile ambacho mikono ya mchezaji ingekwenda kufanya.

Sababu ya kukuandikia kwa urefu huu ni mpwa wangu, ambaye anajifunza kutengeneza programu na ametengeneza mchezo wa simu wa mashindano ya ngalawa kati ya bandari yetu na Kisiwa cha Toten. Mchezo ni mzuri na upepo wake unabadilika kama kaskazi ya kweli. Lakini ukiufungua unakutana na tangazo la biashara, kisha orodha ya vitufe sita, kisha ombi la namba ya simu. Nilipomuuliza mbona hauna mwanzo, alinijibu, "Mjomba, siku hizi watu hawana subira, na hata michezo ya zamani haikuwa nayo hiyo mianzo. Imeandikwa gazetini." Akanionyesha makala yenu.

Basi naomba sentensi ile isahihishwe, walau kwa ajili yake. Nimemshauri aanze na ngalawa ikiwa imepwelea matopeni asubuhi, maji yakijaa taratibu, bila kitufe hata kimoja, mpaka mchezaji mwenyewe agundue kwamba tanga linapandishwa kwa kidole. Amesema atafikiria.

Spectrum ya kaka bado ninayo, na kaseti tatu zilizonusurika na ukungu. Mwandishi wako akipita Tanga anakaribishwa sana Ngamiani. Televisheni ya kizamani ipo, na bisibisi ninayo. Aje siku ambayo hana haraka, kwa sababu hata umeme usipokatika, picha peke yake inachukua nusu dakika na ushei.

Wako katika usomaji,

Msomaji wa siku nyingi,
Ngamiani, Tanga