Kabla hujaushuka ule mteremko wa bahari

Mpendwa rafiki yangu Salma,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo. Mimi ni mzima wa afya, hofu ni kwako tu, na safari hii hofu hiyo imeletwa na barua yako mwenyewe. Najua nimekaa kimya muda mrefu, lakini niliposoma kwamba wewe na Rashidi mmepanga kuishuka ile barabara ya kando ya bahari kwa mbao ndefu za magurudumu, tena kuanzia juu kabisa, nimeweka kazi nyingine kando ili nikuandikie.

Kwanza nakuhakikishia kwamba nimefurahi sana. Hakuna mahali ninapopenda kupanda ubao kuliko barabara inayofuata ufuo, ambapo mtu anasimama wima bila usukani wala mpini wa kushika, anaugeuza ubao kwa kuhamisha uzito kutoka visiginoni hadi vidoleni, na kila kona inapofunguka anaiona bahari upya. Mchezo huu una asili ya bahari, kwa kuwa waliouanza kule California katika miaka ya 1950 walikuwa wapanda mawimbi waliotaka kuendelea kuteleza hata siku ambazo bahari imetulia. Kwa hiyo sikukatazi. Ninakuomba tu usiushuke mteremko ule mpaka utakapoweza kusimama pale unapotaka wewe.

Katika barua yako umenieleza habari za ubao, za kofia, hata za kamera ya Rashidi, lakini sikuona neno lolote kuhusu breki. Ubao huo hauna breki, Salma; breki ni mwili wako. Mtu akishuka kimo cha mita 10 tu, kama hakuna msuguano wala upepo wa kumzuia, hufikia mwendo wa karibu kilomita 50 kwa saa. Msuguano upo, nakubali, ila hautoshi kukuokoa mahali ambapo barabara inaendelea kushuka kona baada ya kona. Ukiwa katika mwendo wa kilomita 30 kwa saa unapita zaidi ya mita 8 kila sekunde, na mwendo ukiongezeka maradufu, nishati unayopaswa kuimaliza ili usimame huwa mara nne. Ndiyo maana anayejisikia salama kwenye kona ya kwanza anaweza kujikuta hana la kufanya kwenye kona ya tatu.

Anza na breki ya mguu, na ujifunzie mahali tambarare. Mguu wa mbele uelekee mbele, goti likunjwe, na uzito wako wote ukae juu ya mguu huo. Kisha shusha mguu wa nyuma polepole mpaka soli nzima iguse lami kwa wepesi, ndipo uongeze mkandamizo kidogo kidogo. Wengi wanaoanza huukanyagia chini mguu huo kwa ghafla, uzito unahamia nyuma, na ubao unawachomoka. Chora mstari kwa chaki, ujisukume mpaka upate mwendo wa mtu anayekimbia, kisha usimame kabla ya mstari. Rudia mpaka mguu ufanye kazi hiyo bila kuamrishwa. Ile mbinu ya kuugeuza ubao uteleze kwa ubavu huku mkono wenye glavu ngumu ukiburuzwa chini, inayoitwa kwa jina la Cliff Coleman wa Marekani, ni nzuri mno, lakini ina wakati wake. Rashidi asikuanzishe nayo.

Jambo jingine ambalo nadhani hajakwambia ni kwamba mwendo ukizidi, ekseli zinaweza kuanza kutikisika kushoto na kulia, na kadiri mtu anavyokakamaa ndivyo mtikisiko unavyokua. Dawa yake ni kulemea mguu wa mbele na kulegeza magoti, kisha kupunguza mwendo kwa utulivu. Hapo napo tunarudi kwenye breki.

Bahari nayo ina mambo yake. Mchanga hauenei sawasawa barabarani. Hukusanyika kwenye kona na mahali maji ya mvua yanapokatiza, ukawa tabaka jembamba la rangi ileile ya lami iliyopauka, na gurudumu likiingia hapo kwa pembe hukosa pa kushika. Upepo nao huzidi kuanzia mchana, kwa sababu nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, hewa yake hupanda, na hewa ya baharini huingia kushika nafasi yake. Mahali ambapo jabali linaishia utakupiga ubavuni bila taarifa. Nendeni asubuhi, umande ukishakauka. Mkirudi, futa ubao kwa kitambaa kikavu na ukague beringi zilizo ndani ya magurudumu: ukiona duara la kutu la rangi ya kahawia pembezoni, au gurudumu linakwaruza badala ya kuvuma, zitoe uzioshe kwa spiriti, uzikaushe, kisha uzitie tone la mafuta. Usizioshe kwa maji.

Rashidi anajua kuteleza, hilo silipingi. Ila amezoea kiasi kwamba hakumbuki tena kuna hatua ambayo wewe bado hujaipita, na Mama Rehema ananiambia kwamba Rashidi ameshakataa kusikiliza wengine. Ningependa mnisubiri mpaka mwisho wa mwezi. Tutaanzia chini, penye tambarare, tupande kwa miguu hadi kona ya kwanza, tuishuke hiyo peke yake, halafu ya pili, na tusishuke kipande chochote ambacho hatujakipanda kwa miguu tukitazama mchanga, nyufa na jinsi magari yanavyotokeza.

Sasa nijibu haya. Magurudumu yako yana kipenyo cha milimita ngapi, na ubavuni yameandikwa namba gani ya ugumu? Yakiwa karibu na 78A yatakufaa, kwa sababu ni laini na yatapita juu ya vikokoto. Yakiwa 99A, hayo ni ya kuchezea uwanjani. Kofia inakaa imara ukitikisa kichwa? Mna glavu na kinga za magoti? Mmeuliza kama mbao zinaruhusiwa katika barabara hiyo? Nani atasimama konani kuangalia magari? Na zaidi ya yote, ukiwa katika mwendo wa kukimbia, unaweza kusimama kabla ya mstari, au bado unaruka chini? Nieleze ilivyo, hata kama ni bado, nami nitajua nikija tuanzie wapi.

Msalimu sana Rashidi, na umpe barua hii aisome.

Rafiki yako akupendaye,
Neema